Baiskeli ya Mzee Mose Iliyoteremka Bila Mtu

Jacinta wa ng'ambo ya kijito anaapa mpaka leo kwamba aliiona baiskeli nyeusi ya Mzee Mose ikiteremka mlima wa Nyamache peke yake. Haikuwa na mtu. Juu yake, anasema, palikuwa na leso nyekundu tu, imetanda kama mbawa za kipanga, na kengele inalia ngri-ngri-ngri. Aliacha ndoo ya maji hapo hapo akakimbilia nyumbani kuomba. Ukimwuliza mbona hakuona miguu, anakujibu, "Kwani shetani ana miguu?"

Miguu ilikuwepo. Ilikuwa ya Nyanchama, mkazamwana wa huyo huyo Mzee Mose, na ilikuwa imekanyaga pedali.

Mwaka mzima Nyanchama alikuwa akiwatazama waendesha baiskeli wa Kisii mjini. Kila Jumapili walipita chini ya shamba la chai, wanaume watupu isipokuwa mwanamke mmoja. Yeye alipalilia, jembe likijua kazi yake, macho yakiwa barabarani: wanavyolala kwenye kona, wanavyoinuka kitini penye mawe. Baiskeli ya mzee alipewa ya kukokotea ndizi hadi sokoni. Hakuna aliyemwambia aipande. Lakini kurudi ikiwa tupu, nyuma ya mikaratusi, nani anaona? Alianguka mara ngapi, iulize miiba.

Siku moja yule mwanamke, Valentine, karani wa benki, alisimama kunywa maji.

"Dada, hiyo mamba ya baiskeli unaiendesha ama unaisindikiza?"

"Naiendesha."

"Basi Jumapili kuja. Nimechoka kuwa mwanamke peke yangu kati ya hawa wenye kujisifu."

Nyanchama alikuja. Alivaa suruali ya mumewe Eric, akafunga leso juu yake, na Valentine akamwazima helmeti. Mmoja wa wanaume, Jethro, akaizunguka ile baiskeli akicheka.

"Hii ina miaka mingapi?"

"Ni rika ya babako," Nyanchama akasema. "Iamkie."

Wakaangua kicheko, na mteremko ukaanza. Lo! Upepo uliingia mdomoni akaumeza. Kifua kilijaa kitu kama soda iliyotikiswa. Alimpita Valentine, akampita Jethro, akawapita wote na baiskeli zao za bei ya ng'ombe, akapiga kengele bila sababu, akapiga tena kwa sababu ilimfurahisha.

Kwenye kona, katikati ya njia, alikuwa amesimama Mzee Mose na bakora yake.

Kwao mkazamwana hamshiki baba mkwe mkono, na wakikutana njiani humpisha kando kwa heshima. Ndiyo chinsoni. Lakini hakuna aliyewahi kumfundisha mtu atampisha vipi akiwa anaporomoka kama jiwe, ndani ya suruali, na mipira ya breki imekwisha. Nyanchama akalala kifudifudi juu ya usukani na kujivutia leso kichwani, asionekane. Mzee naye, kwa kuwa chinsoni hushika pande zote mbili, akajitupa kwenye nyasi za nepia asimwone. Baiskeli ikapita katikati ya heshima zao, ikaacha barabara, ikaingia kwenye chai.

Wenzake walipofika walimkuta chali juu ya majani, gurudumu limepinda, anacheka hadi machozi.

"Ametupita sote," Jethro akasema akihema, "halafu akaamua kuchuna chai!"

Valentine alimwinua, akamkung'uta. Nyanchama alipofungua helmeti ili amrudishie, Valentine akaisukuma nyuma. "Hiyo ni yako. Wewe ni wetu. Jumapili ijayo tunaenda mpaka Nyamira. Usipokuja tutakutoa shambani kwa nguvu."

Alasiri, habari zikamfikia Nyanchama jikoni: mzee amesema ataifungia baiskeli stoo. Na bila hiyo baiskeli, Nyamira ataendaje? Akatoka. Mzee alikuwa uani, ameigeuza baiskeli magurudumu juu, spana mkononi, jani la nepia bado limeng'ang'ania kofia. Nyanchama akasimama mbali, penye pembe ya jiko. Kati yao mama mkwe wake, Persis, alikuwa akipukuchua maharagwe, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokizuia tangu asubuhi.

"Mama," Nyanchama akasema, akitazama chini, "mwambie baba naomba baiskeli yake Jumapili ijayo. Niende Nyamira na wenzangu."

Persis akageuka. "Baba Eric, umesikia?"

Mzee akakaza nati moja. Akalizungusha gurudumu, akainama kulitazama: sasa lilikwenda sawa, bila kuyumba.

"Baba Eric, mtoto anangoja."

Gurudumu liliposimama, mzee akalizungusha tena, kisha akaanza kubadilisha mipira ya breki.