Maji ya Udhu Chuoni Kibiti

Kaka yangu Ussi hakusema hapana. Angesema hapana tungelia, tungegombana, mambo yangekwisha. Yeye alisema, "Nendeni mkakitazame hicho chuo kama mnavyotazama nyumba ya mtu aliyeleta posa. Mwanajuma akirudi akasema panafaa, Thuwaiba ataenda. Akisema hapafai, mtoto abaki dukani anisaidie kupima mchele."

Mzigo ukawa wangu, shangazi mtu. Tangu siku ile Thuwaiba akawa ananifulia hata khanga ambayo haijachafuka.

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipowaachia watu biashara, kila mwenye vyumba vitatu na mashine za kuchapa alifungua chuo. Hiki cha uhazili kilikuwa Kibiti, ng'ambo ya mto kwa sisi wa Mohoro, na mwenyewe alikuwa mwalimu mmoja wa bara, Honorata. Alitangaza siku ya wazazi kuja kutazama.

Kwetu mtu haendi kutazama nyumba peke yake. Tuliondoka kundi zima: wajomba, majirani, na Tatu wa nyumba ya pili, ambaye hakuna safari anayoachwa na hakuna safari asiyoisimulia. Tukabeba mchele mpya na kuku, maana mikono mitupu ni aibu. Pale kivukoni Ndundu pantoni ilikuwa imelala upande wa pili, mafundi wanaifungua injini na kuifunga. Tukakaa kwenye tope mpaka kuku wakaacha kulia. Tulipofika Kibiti zamu ya kulia ilikuwa ya magoti yangu.

Mwalimu Honorata alitupokea mlangoni, sketi imepigwa pasi mpaka inasimama. "Karibuni sana, wazazi wangu. Leo ni siku yenu, ulizeni lolote."

Tukamkabidhi mchele na kuku. Akatuingiza chumba cha mashine, zimepangwa juu ya meza, zimefunikwa vitambaa vya kufumwa. Akasema tena, "Maswali?"

"Hatuna, mwalimu," mjomba mmoja akajibu kwa upole. "Tumeridhika."

Tungeulizaje, na hata maji hatujanywa? Mgeni anayehoji kabla hajala ni polisi. Lakini Honorata, kwa desturi za kwao, aliona tumekuja kutembea tu. Uso ulimshuka.

Thuwaiba akanivuta khanga. "Shangazi, uliza."

"Subiri."

"Umesubiri tangu pantoni."

"Nina njia yangu, mwanangu. Niache."

Njia yangu ni ya zamani. Ukienda kutazama nyumba ya posa, unangoja wakati wa sala, halafu unaomba maji ya udhu. Maji yanakupeleka uani, na uani ndiko kwenye habari: bafu likoje, jiko linatoka moshi au linatoka chakula, nani anamfokea nani. Sebuleni kila mtu ana adabu.

Adhuhuri ilipoadhiniwa nikamwendea. "Mwalimu, tunaomba maji ya kutawadha."

Honorata akasita. Akafunua pipa la uani, akalifunika upesi. "Wasichana wamekwenda kuyaleta, mama. Tuwangoje kidogo."

"Wanayatoa wapi?"

"Bondeni, njia ya Mtawanya. Bomba limeshatandazwa, maji ndiyo bado."

Tatu akanikanyaga mguu. Sikuhitaji kumtazama. Nyumba isiyo na maji hatuozi, na Mohoro nzima inajua niliwahi kurudisha posa ya watu wenye minazi isiyohesabika kwa sababu hiyo hiyo. Uchovu wote wa njiani ukanikalia mabegani. Tope lile lote, kuja kutazama pipa tupu.

Nikamtafuta Thuwaiba nione uso wake. Hayupo. Viatu vyake, alivyonunuliwa kwa ajili ya siku hii, vilikuwa vimepangwa mlangoni.

Tukangoja. Wajomba wakaishiwa mazungumzo. Tatu akalala ameketi, mdomo wazi, naye ndiye aliyekuja kuisimulia Mohoro safari nzima kama shahidi. Mwisho wasichana wakatokeza kwenye kichaka, ndoo kichwani, wanacheka, na katikati yao Thuwaiba, gauni limelowa mpaka kiunoni. Akaitua ndoo mbele yangu.

"Tawadha, Shangazi."

Huku ananimiminia akaninong'oneza. Mashine nzima ni chache, nyingine zimefunikwa kwa sababu hazina utepe wa wino. Mwalimu wa mahesabu ni wa kuazima, huja akipenda. Wa hatimkato ni Honorata mwenyewe, hakosi hata akiumwa. Wasichana wa mwaka jana wawili wamepata kazi, mmoja yuko ofisini Utete. Wanaoswali wanaswali, hakuna anayewasema. Chakula ni maharage, na Ijumaa ni maharage.

"Nani kakwambia yote haya?"

"Njiani. Mwenye ndoo kichwani hana la kufanya ila kusema."

"Na wewe unasemaje?"

Akamwaga maji polepole. "Kilima cha kutoka bondeni ni kibaya, Shangazi. Nataka kuja."

Tukaswali, tukala mchele wetu wenyewe kwa maharage yao, tukarudi kuingoja pantoni.

Kaka Ussi tulimkuta dukani anafunga gunia. Hakuuliza mashine, hakuuliza walimu. "Maji je?"

Wote wakanigeukia. Hata Tatu alinyamaza, jambo ambalo watu walilizungumza wiki nzima. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba uongo ningeubeba kwa shida.

"Maji hakuna," nikasema. "Wanateka bondeni, mbali."

Thuwaiba akainamisha kichwa.

"Na mwanao ameshateka. Nimeyatawadhia."

Kaka akaitazama miguu ya mwanawe, tope la Kibiti juu ya tope la Ndundu. Akarudi kwenye gunia lake, akakaza kamba, akaifungua, akaikaza tena.

"Ndoo zangu hizi za plastiki zitapasuka kilimani," akasema. "Atafutiwe ya bati."

Thuwaiba alikwenda ndani akanitandikia mkeka, nami nikalala na tope langu.