Kitufe cha Kushoto

Kitu cha kwanza Solange alichokiona kilikuwa kidole cha Débora. Kilikuwa kimetua juu ya neno moja kwenye tableti, kimetulia kama nzi aliyeshiba, huku mdomo wa mtoto ukienda mbele: mbuzi amekula kikwembe cha jirani, jirani analia, mbuzi anacheka. Na macho ya Débora hayakuwa kwenye tableti. Yalikuwa mlangoni, yakimfuata kuku aliyechakura uani. Hata hivyo mtoto hakukosea neno.

Solange akasogea karibu na benchi lake.

Yeye ndiye mtunzaji wa tableti katika shule moja ya msingi hapo Saio, mjini Bunia. Tableti zilikuwa ishirini, na hazikutoka katika chumba kidogo chenye mlango wa chuma, kwa maana amani ya miaka ile ilikuwa amani ya kulala jicho moja wazi. Hata nyumbani, shangazi yake Scholastique alikuwa hajafungua furushi la nguo lililokaa nyuma ya mlango tangu vita. Kila asubuhi Solange alipanguza vumbi kwenye paneli za jua, akachaji tableti zake, kisha Mwalimu Fiacre akamletea nusu ya darasa la pili. Nusu nyingine alibaki nayo ubaoni. Watoto sabini na wanne si mzigo wa mtu mmoja.

Tableti ilisoma hadithi kwa sauti, maneno yakawaka moja moja, na watoto, wawili wawili kwa tableti, wakafuata kwa kidole na kwa mdomo. Hadithi ikiisha, kioo kilitoa maandishi na vitufe viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia, bila picha yoyote. Siku ya kwanza Solange alibonyeza cha kushoto, na hadithi ya mbuzi ikarudi. Hakuna kilichoharibika. Akawaambia watoto wabonyeze hicho hicho. Cha kushoto hakikuua mtu. Cha kulia, nani alijua kingeleta nini? Basi miezi mitatu ikapita.

"Yaya Solange, tena mbuzi?" Bruno wa benchi la mbele aliuliza kila mara, maana kwao yaya ni dada mkubwa. "Ule mbuzi hashibi?"

"Kikwembe ya jirani iko murefu," Débora alimjibu, na chumba kizima kikacheka. Solange naye alicheka. Alidhani wanajifunza.

Kazi hiyo aliipata kwa kunyamaza. Mama Bernadette, mkuu wa shule, alimuuliza, "Umesoma mpaka wapi, binti? Ulimaliza darasa la sita?" Solange akainamisha kichwa. Kwao msichana hamkazii macho mkubwa. Huinama, na akiona haya huinama zaidi. Mama Bernadette akaona amejibiwa. "Vizuri," akasema, akampa ufunguo. Tangu hapo Solange hakusema uongo, wala hakusema kweli. Shule aliiacha darasa la tatu, siku walipokimbia vita kutoka upande wa Kilo, na herufi chache alizokuwa nazo zilibaki njiani pamoja na sufuria.

Sasa alizima sauti ya tableti, akaweka kidole katikati ya mstari.

"Débora, hapa iko neno gani?"

"Ngoja sauti ianze."

"Bila sauti."

Débora alilitazama neno kana kwamba ni mgeni aliyeingia bila hodi. "Mbuzi?" Akamtazama Solange usoni. "Jirani? Yaya, niambie weye."

Solange hakuweza kumwambia. Aliwasha sauti.

Na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya inspekta wa shule. Tableti zile ziliwekwa kwa majaribio: watoto wakionekana wanasoma, zingebaki, wasiposoma, zingepelekwa shule nyingine, na Mwalimu Fiacre, aliyeziomba kwa barua tatu, angebaki na aibu yake. Solange alijiapia kumwambia mwalimu kweli asubuhi, kabla ya kengele. Lakini mwalimu alikuja na shati lililopigwa pasi, akipiga mluzi.

"Leo utaona, Solange! Tutang'ara. Batoto bako tayari?"

Solange akainamisha kichwa.

"Bako tayari," mwalimu akajijibu, akapita.

Inspekta Anselme alikuwa mzee mpole wa maneno machache. Alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yakigusa kidevu, akaomba msomaji mmoja. Mwalimu akamsimamisha Débora. Mbuzi alikula kikwembe, jirani akalia, mbuzi akacheka. Watoto wakapiga makofi. Hata Mama Bernadette alipiga, mara mbili.

"Vizuri sana," alisema inspekta. Kisha akaichukua tableti na kubonyeza kitufe cha kulia.

Ikatokea hadithi mpya, yenye picha ya daraja na mvua. Inspekta akazima sauti. "Sasa nisomee hii, binti yangu."

Débora aliweka kidole kwenye neno la kwanza. Nje pikipiki ilipasua mlio kama wa bunduki. Watoto wote wakajikunyata, wakasubiri, kisha wakakaa tena sawa. Débora peke yake hakusikia.

"Mbuzi," alianza, "amekula..."

Bruno akacheka, na wengine wakamfuata.

"Débora!" Uso wa Mwalimu Fiacre ulikuwa umelowa jasho. "Miezi tatu yote ulikuwa unalala?"

"Na wengine wako hivi?" aliuliza inspekta.

"Hapana, hapana. Ni huyu tu. Huyu ni muvivu."

Solange alijua kwamba mwalimu hakujua hali ya wengine. Alisema tu kile ambacho hofu ilimletea mdomoni. Inspekta akatoa kalamu, akauliza jina la mtoto, na kusema bila ukali kwamba asiyesoma itafaa arudie darasa.

Mama Bernadette akamwinamia Débora. "Ni kweli? Ulikuwa unafanya uvivu?"

Débora akainamisha kichwa.

"Anakubali," akasema Mama Bernadette.

Kalamu ikagusa karatasi.

"Hajakubali kitu."

Wote waligeuka. Solange naye nusura ageuke, maana hakuizoea sauti yake kwa ukubwa ule. Ufunguo wa mlango wa chuma ulikuwa umemkata kiganja. Alinyanyua kichwa na kumtazama Mama Bernadette machoni, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mkubwa yeyote.

"Ameinama tu, Mama. Kuinama si kusema ndiyo. Ule mutoto hana kosa. Ni mimi niliwaambia wabonyeze kushoto, kila siku kushoto. Sikujua pale pameandikwa nini." Hakuinamisha kichwa. "La sita sikumaliza. Mimi sijuwe kusoma."