Figo ya Dada

"Mwambie kaka yangu aache ujinga!" Lupe alifoka akiwa koridoni mwa hospitali.

Ofa, mke wa Kelepi, akageuza shingo pale mlangoni. "Baba watoto, dada yako anasema..."

"Nimesikia. Hata kule Tonga wamesikia. Mwambie figo yake siitaki."

Ndivyo walivyozungumza tangu wabalehe. Kwa mila ya Tonga, kaka na dada hawakai chumba kimoja, hata huku ugenini Auckland. Na kaka ndiye humpa dada: kiazi kikuu cha kwanza, nguruwe aliyenona. Leo dada apasuliwe ili kaka apone? Kelepi aliona heri afe.

"Kufa si kazi, mwambie," Lupe alisema. "Sukari imeshamla vidole vya mguu, imemla na figo. Hiyo mashine ya kusafisha damu itambeba mpaka lini?"

"Mwambie sukari hiyohiyo ndiyo iliyomuua mama. Ikimpata na yeye, amebaki na figo moja, je?"

Hofu hiyo ilikuwa ikimnyima Lupe usingizi. Sukari yake ilipimwa ikawa safi, na makundi yao ya damu yalilingana, lakini daktari hakumficha: kwa ukoo kama wao, hakuna wa kumhakikishia kesho. Kilibaki kipimo kimoja, kuchanganya damu zao kuona kama ya Kelepi itaishambulia ya kwake.

"Nisipochukua damu sasa, upasuaji utaahirishwa," alisema muuguzi aliyesimama kando ya kitanda cha Kelepi.

"Wifi," Ofa akasema, "mimi nimechoka kuwa redio yenu."

Lupe akavuta pumzi, akaingia chumbani. Ofa akashika mdomo. Kelepi aligeukia ukutani upesi, kama mtu aliyekutwa uchi.

"Kelepi. Kati yangu na wewe, kwa mila yetu, mwenye hadhi ni nani?"

Kelepi akajibu kwa sauti ndogo: "Wewe, dada."

"Na dada akisema?"

"Kaka hana neno."

"Basi nimesema. Utaipokea."

"Na ukiugua, dada? Watoto wako je?"

"Nikiugua nitajitibu. Sikuja kuomba ruhusa." Alikaa kando yake, akamnyooshea muuguzi mkono. "Anza na mimi."

Sindano ikaingia. Kelepi, uso bado ukutani, akapandisha mkono wa shati lake.