Njia ya Ottlesby

Bwana Nigel ameishi Matsangoni miaka kumi na mmoja na Kiswahili chake hakijavuka "jambo". Ndiyo maana alinitafuta mimi, mwalimu mstaafu wa Malindi, nimtafsirie historia aliyoiandika ya Ottlesby, kijiji alikozaliwa huko Uingereza. Alitaka wanakijiji wa Matsangoni wasomewe, wawajue watu wa kwao. Sikuona ubaya, na soda alinunua yeye.

Sura ya kanisa iliwalaza watu. Ya mwokaji mikate aliyemtoroka mkewe ikawaamsha. Kisha nikafika kwenye sura aliyojivunia zaidi. Tajiri mmoja alijenga ukuta, akaziba njia ya kwenda mtoni. Wanakijiji wakaja na nyundo, wakatoboa upenyo, wakapita, wazee kwa watoto. Aliyeshika nyundo ni babu yake Bwana Nigel. Hadi leo, kila mwaka, Ottlesby nzima huipita njia ile, hata asiye na shughuli mtoni, mtu asije akadai kuwa imekufa.

Kadii akasimama. Huyu huchokoa pweza mwambani, na njia yake ilikatiza kiwanja cha Bwana Nigel mpaka alipotia geti. Sasa huzunguka saa nzima, akifika maji yameshajaa, na ndoo hurudi tupu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Hebu niulizie. Yule tajiri hakukasirika?"

Nikauliza. Bwana Nigel akacheka. "Akasirike kwa haki gani? Njia ilikuwa yao kabla hajaja."

Nikatafsiri neno kwa neno, sikupunguza. Hakuna aliyepiga makofi. "Nimesikia," akasema Kadii, akaketi, akajifunga leso vizuri.

"Amesema nini?" Bwana Nigel akaninong'oneza.

"Ameshukuru," nikasema. Nilidanganya, na sikujuta hata kidogo.

Kesho yake asubuhi, maji yakipwa, Bwana Nigel akanipigia simu anahema. Wanawake wapatao thelathini walikuwa getini kwake na ndoo zao, wazee kwa watoto nyuma yao, na Kadii mbele ameshika nyundo.

"Njoo upesi uwaulize wanataka nini!"

"Hawataki kitu, Bwana Nigel," nikamwambia. "Wanapita tu."

Nikasikia hatua zake zikielekea getini. Kisha nikasikia komeo la geti likivutwa.