Moja Zaidi ya 510,510

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka lao la dawa, binti alimpa mama yake namba moja ndefu, na mama akaivunja kwa kichwa mpaka zibaki namba tasa tupu, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Haukuwa mchezo. Bibi mzaa mama alikufa bila kuwatambua wanawe, na kusahau kwake kulianza akiwa na miaka sitini na moja. Mama sasa alikuwa na hiyo hiyo sitini na moja, na ndiye aliyechanganya dawa za maji za watoto wachanga. Sharti alilitunga mwenyewe: siku atakayokosea bila kujijua, atakabidhi ufunguo wa chumba cha kuchanganyia.

Leo binti alikuwa na haraka, akachagua rahisi.

"Laki tano na elfu kumi, mia tano na kumi na moja."

Mama alikuwa akipangusa mizani. "Unanionea huruma, mwanangu? Hiyo nimekufundisha mwenyewe ukiwa na mapengo. Zidisha namba tasa saba za mwanzo, kuanzia mbili mpaka kumi na saba, halafu ongeza moja. Igawe kwa yoyote kati ya hizo saba, itabaki moja. Kwa hiyo ni tasa. Lete nyingine yenye mifupa."

 Kweli binti alifundishwa namba hiyo na mama, lakini kama mtego. Saba zikishindwa kuigawa, ya nane bado haijaulizwa. Mama alikuwa akiwacheka walionasa hapo: wamekagua vyumba saba, wakaapa nyumba nzima haina mtu.

"Una uhakika, mama?"

"Kama ninavyolijua jina lako."

"Jaribu kumi na tisa."

"Ya nini? Kwa ubishi umemrithi baba yako."

"Jaribu tu."

Mama aligawa kwa penseli nyuma ya boksi la lebo. Elfu ishirini na sita, mia nane sitini na tisa. Baki, sifuri. Akarudia. Sifuri.

"Ulimi umeteleza," alisema. "Nipe nyingine."

Nyingine angeipata, labda na ya kesho pia. Lakini kosa hili halikuwa la ulimi. Lilikuja na hoja nzima, imenyooka, na dhihaka juu yake.

"Hapana, mama."

Mama alivua shingoni kamba yenye ufunguo, akauweka mezani. Kisha akafungua daftari la michanganyiko, akateremsha kidole kwenye ukurasa wa jana.

"Chupa sita. Tano ziko rafuni, zimwage. Ya sita aliichukua fundi viatu jana jioni. Mwanawe ana wiki tatu. Hesabu ya dozi yake niliipiga kwa kichwa."

"Ulikuwa na uhakika nayo?"

"Kabisa," mama alisema.

Binti alikuwa ameshanyanyua simu.