Chumba Kisichokuwa na Pazia

Mume wangu Kinuthia ni fundi wa viti na vitanda hapa Gitothua, na kama kuna watu asiowapenda ni wale wa kuangalia tu. Ukipapasa kiti chake mara mbili bila kuuliza bei, anakuuliza kama umepotea njia. Kwa hivyo nilipomwambia nataka tovuti ambapo mtu anaweza kupanga chumba chake kwenye simu, avute kitanda huku na kusukuma kochi kule, alinitazama kana kwamba nimeunguza ugali. Alinipa mpaka mwisho wa mwezi. Asipopatikana mteja hata mmoja kutoka huko, tovuti ingefungwa. Mimi sipendi kushindwa, na kusema kweli niliogopa.

Calvince, jamaa wa kompyuta kutoka Makongeni, aliitengeneza vizuri sana. Ila aliweka sebule kivyake na chumba cha kulala kivyake, kama nyumba za wakubwa. Watu waliingia, wakavuta kochi moja, wakatoka. Siku kumi nzima hakuna aliyekaa hata dakika mbili.

Kisha mama mmoja wa Githurai 45, Mbinya, akaandika kwenye sehemu ya maoni: "Mimi naishi kwa chumba moja. Kitanda nimeweka, kiti nimeweka. Sasa pazia iko wapi? Mgeni akikuja aone kitanda?"

Niliona haya. Nusu ya wateja wetu wanaishi hivyo, kitanda nyuma ya pazia na wageni mbele, na hakuna kati yetu aliyewakumbuka. Nilimpigia Calvince siku hiyo hiyo. Akaongeza chumba cha futi kumi kwa kumi, pazia la rangi unayotaka, na mahali pa kuhifadhi chumba chako kwa jina, ili ukirudi ukikute ulivyokiacha.

Basi wakarudi. Mbinya alihamisha meza ya mtoto wake kila jioni akitoka kazini. Kuna Kaloki mmoja aliyebadilisha pazia mara tisa kwa wiki. Kila asubuhi nilifungua simu kuwachungulia, nikacheka peke yangu, na nilikuwa na raha sana. Lakini hakuna aliyenunua. Kinuthia alisema wanacheza tu. Mwezi ulikuwa umebakisha siku moja.

Asubuhi ya mwisho nilifungua tovuti ili niwaage. Nikakuta chumba kipya, kimehifadhiwa kwa jina langu, Emmah. Kitanda kidogo pembeni, pazia la kijani, stuli moja karibu na mlango. Hakukuwa na kitu kingine. Nilikitazama mpaka chai ikapoa. Kilikuwa chumba chetu cha kwanza, mwaka ule tuliooana, tulipokuwa tukila kwa zamu kwa sababu kiti kilikuwa kimoja.

Nilienda karakana na simu mkononi. Kinuthia alikuwa akipiga randa, hakuinua kichwa. Nikamuuliza kama nimwambie Calvince aifunge leo.

"Wachana nayo kwanza," alisema. "Hiyo stuli sikumbuki ilikuwa inakaa wapi."

"Chini ya dirisha," nikamwambia.

Akaweka randa chini, akapangusa mikono kwenye suruali, na kuichukua simu.