Mkate Nyuma ya Kioo

Kwetu, anayesafiri mbali huuma mkate, na kipande kinachobaki mama hukitundika ukutani mpaka mwenyewe arudi akimalizie. Ndiyo maana siku ile, kaka yangu Sayat alipotembezwa bustanini pamoja na wanaanga wenzake, niliurusha mkate wa mama juu ya kamba ya karantini. Aliudaka, akauficha ndani ya koti. Tulicheka kama watoto walioiba tikitimaji.

Kesho yake sikucheka. Tulikaa mbele ya kioo, sisi huku, wao kule, tukiongea kwa maikrofoni. Garini mama alikuwa ameninong'oneza kwamba binti yangu Akbota ameamka mashavu yamevimba. Matumbwitumbwi. Na ni Akbota aliyeubusu mkate ule kabla haujafungwa, ili baba yake mkubwa arudi salama.

"Usiseme kitu," mama alinionya. "Asipouma, harudi."

Kando ya Sayat alikaa Vera, rubani mwenzake. Miezi minane wangeishi ndani ya kopo moja, wakivuta hewa ileile, huko ambako kinga ya mwili hulegea na hakuna hospitali ya kukimbilia. Nyuma yao alisimama Daktari Raushan.

"Mdogo wangu, mbona umenuna?" Sayat alinitania. "Nitakuletea vumbi la mwezini ukauze sokoni."

"Vumbi analo tayari, kichwani," Vera alisema, akimwonyesha Sayat kwa kidole.

Kaka akachomoa mkate kotini. Daktari akashtuka. "Huo umetoka wapi?"

"Kwa mama, Daktari. Tonge moja tu, aone mwenyewe."

Akaupeleka mdomoni. Kucha za mama zilizama mkononi mwangu. Nikakipiga kioo kwa ngumi.

"Usiume. Akbota ana matumbwitumbwi. Aliubusu."

Mkate ulibaki hewani. Daktari alimtoa Vera nje kwanza, kisha akamgeukia kaka.

"Uliwahi kuugua?"

"Kamwe."

"Chanjo?"

"Mara moja, utotoni."

"Moja haitoshi. Ugonjwa huu hukaa kimya wiki mbili, tatu. Ungekuzukia huko juu, ukamwambukiza na Vera. Umeugusisha mdomo?"

Hapana moja ingetosha. Hakuna aliyemwona. Tangu tukiwa wadogo, tukitazama roketi zikipaa juu ya mapaa yetu, kiti cha humo ndani ndicho alichokitaka. Alimtazama mama, kisha mlango aliotokea Vera.

"Jana niliubusu," alisema. "Nikalala nao kitandani, kando ya mto."

Mama akafunika uso. "Mjinga wewe," alisema, na sijui alikuwa akimwambia nani kati yetu.

Kiti alipewa Gleb, mwanaanga wa akiba. Siku ya kuondoka alikuja kwenye kioo na kipande cha mkate wa jikoni mwa karantini.

"Mama, vya kuingia ni marufuku. Vya kutoka je?"

Akauma. Daktari akakifunga, akakipitisha kidirishani. Mama alikipokea bila kumwangalia.

"Meno kama ya ngamia," alisema tulipofika garini. Lakini alikipakata njia nzima.

Sayat hakuugua. Tulimchungulia mashavu kila asubuhi mpaka akatufokea, hayakuvimba. Sasa yuko nyumbani, anamenya viazi, na mimi hanisemeshi sana. Kila akiingia jikoni anakutana na mkate ule ukutani, una alama za meno ya mtu mwingine.

Juzi nilimkuta amepanda kigoda, mkate mkononi. Nikadhani anautupa. Alikuwa anauhamisha, usipatwe na mvuke wa birika.